Waya Uliofungwa Kitambaa

Mtaani walimwita Redio. Alikuwa mwanamke dobi hodari, lakini akikasirika, hata wapita njia walipata habari zote. Alifanya kazi na mdogo wake. Redio alifua kwa mashine, mdogo mtu akapiga pasi.

Asubuhi moja mdogo mtu aliunguza kola ya shati. Duka lilikuwa limejaa wateja.

"Una macho au matundu?" Redio alifoka. "Jamani, mwoneni huyu! Mtu mzima, pasi inamshinda!"

Baadhi ya wateja walicheka. Wengine walitazama viatu vyao. Mdogo mtu aliinama, akaendelea na kazi. Redio akaona somo limeingia. Loo! Liliingia kweli, ila si lile alilodhani.

Siku nne baadaye jirani yao, fundi umeme, alifuata suruali yake. Mdogo mtu alinyunyizia nguo maji, akashika pasi. Mara akapiga ukelele. Mkono ulinata pale pale. Redio akataka kumrukia.

"Usimguse!" fundi alipaza sauti. "Utanaswa na wewe!"

Alikimbilia swichi kuu, akaizima. Mdogo mtu akaanguka sakafuni. Kiganja kimeungua, midomo inatetemeka. Lakini alikuwa hai.

Walimpeleka zahanati. Waliporudi, fundi aliichunguza pasi. Waya ulikuwa umechubuka, na mtu ameufunga kitambaa.

"Nani kafunga hiki?"

"Mimi," mdogo mtu alijibu. "Tangu juzi."

Redio alipigwa na butwaa. "Ulijua? Mbona hukuniambia?"

"Wateja walikuwepo, dada. Niliogopa utaniumbua tena."

Redio alikaa juu ya kikapu cha nguo chafu.

"Mama," fundi alisema taratibu, "ukimkaripia mtu mbele ya watu, hajifunzi kutokosea. Anajifunza kuficha. Mwite pembeni. Muulize kwanza imekuwaje."

"Na kukiwa na hatari?"

"Hapo piga kelele, kama mimi leo. Lakini iwe ya kuokoa, si ya kuaibisha."

Haikuwa rahisi. Mara nyingi Redio alimeza hasira, akamwita mdogo wake pembeni. Kisha siku moja mdogo mtu alimsaidia kufua, na shuka jeupe la mteja likatoka kwenye mashine na rangi ya waridi. Mwenyewe amesimama pale pale, anatazama!

"Kosa letu, mama," Redio alimwambia. "Tutalisafisha."

Akamwita mdogo wake chumba cha nyuma, akafunga mlango.

"Imekuwaje?"

"Nililichanganya na nguo nyekundu. Nisamehe, dada. Na kuna jingine. Soketi ya mashine inanuka kuungua."

Redio alikimbia akazima swichi kuu. Soketi ilikuwa imeanza kuyeyuka, na pazia la dirisha linaigusa. Akalivuta pazia pembeni.

"Umesikia harufu tangu lini?" aliuliza.

"Sasa hivi, dada. Nimeona nikwambie kwanza."