Chukua Yangu

Violeth alikuwa ameshatoa mkono ndani ya kikaragosi, lakini kile kidude kiliendelea kufumba mdomo taratibu, kama mtu anayemeza tonge.

"Sponji hiyo, inajirudi," alisema Mbonile, mwongozaji wa filamu, mtu asiyekosa jibu. Violeth aliamini kwa kuwa alitaka kuamini. Ni yeye aliyekichonga kutoka kwenye godoro kuukuu, chumbani kwake Chanji, akakishonea macho ya vifungo.

Katika filamu kilikuwa malkia wa majini wa ziwani, bubu. Kinamgusa msichana shingoni kuomba sauti, na msichana anakiambia, "Chukua yangu." Msichana alikuwa Edith, binti wa Violeth, wa miaka saba. Asubuhi nzima alitamka kama anasoma ubaoni, mpaka mama mtu akamwinamia. "Mwanangu, sema kwa moyo. Mwonee huruma." Edith akakionea huruma kweli, machozi yakamlenga, akasema. Watu wakapiga makofi.

Kesho yake sauti ilimkauka. Baridi ya Sumbawanga hiyo, wakasema majirani, mpe tangawizi. Sauti ikawa mkwaruzo, mkwaruzo ukawa pumzi, hospitali hawakuona kidonda. Na chumba kikaanza kunuka matope ya ziwani, mchana kweupe jua likichoma bati, na nyuma ya pazia, pale kikaragosi kilipotundikwa, mtu akawa anajifunza kuhesabu, moja, mbili, tatu, kwa sauti ileile iliyokuwa ikipotea kooni mwa Edith, huku Edith mwenyewe amekaa mkekani, amejishika shingo, anamtazama mama yake.

Mzee Romani, mganga wa Izia, hata kiti hakukitaka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nani alimpa?"

"Ilikuwa filamu tu, babu. Tuliigiza."

"Jini hajui kuigiza. Kapewa, kachukua." Akakoka moto uani. "Kikiwa jivu, sauti itarudi kwa mwenyewe. Lakini kitalia. Usikiguse, mama, hata kikuite."

Kikaragosi kilikaa kimya mpaka moto ulipofika shingoni.

"Mama," kiliita, na ilikuwa sauti ya Edith, ile ya kuamka na homa. "Mama, naungua. Nitoe, sitarudia tena."

"Mwanao huyu hapa," alinong'ona Romani, akimsogeza Edith mbele. "Mtazame huyu."

Violeth alimtazama. Edith alikuwa akitikisa kichwa, mdomo wazi, hautoi kitu. Na ile sauti ikazidi kulia motoni, ikikohoa, ikimsihi, ikiuliza amemkosea nini, na moyo wa mama haukungoja kujua mdomo ni wa nani: alijitupa, akazamisha mikono yote miwili kwenye sponji inayoyeyuka, akakivuta, akakikumbatia.

Romani aliokota mfuko wake akaondoka bila kuaga.

Jioni kikaragosi, uso umebaki nusu, kiliomba uji. Violeth akainuka kukoroga, mikono imefungwa vitambaa. Edith alimfuata jikoni, akamvuta kanga, akamvuta tena.

"Subiri kidogo," mama yake alimwambia. "Mwenzio analia njaa."