Kinyozi Aliyenyamaza Usingizini

Majirani walimwita kinyozi huyu Jenereta. Sababu haikuwa mashine zake za kunyolea. Ilikuwa kukoroma kwake. Kila alipolala, mkewe alijaza pamba masikioni, akasubiri. Mara Jenereta alizimika ghafla. Kimya. Mke alimshukuru Mungu, akauwahi usingizi kabla hajawaka tena.

"Baba watoto, jana ulinihurumia," alimwambia asubuhi akimmiminia chai. "Ulinyamaza mara nyingi."

"Basi nililala vizuri," alijibu kinyozi, huku akikanda paji la uso. Kichwa kilimuuma, kama kila asubuhi. Kikombe alikigonga kwa mkono, chai ikamwagika. Hakuwa amekiona.

Kazini kinyozi alikuwa na mkono mwepesi. Watu walitoka mitaa ya mbali kumfuata. Lakini siku hizi walirudi wamekunja uso.

"Fundi, hiki nini?" mmoja aliuliza, akiinamisha kichwa mbele ya kioo. Chini ya sikio la kushoto kilibaki kishungi cha nywele, kimesimama peke yake. Wateja wakaangua kicheko. Kinyozi alicheka nao, lakini moyoni aliogopa sana. Hakujua kazi nyingine. Alibadilisha taa. Akanunua mashine mpya. Vishungi havikwisha, na wateja wakaanza kupungua.

Mteja mmoja hakukimbia. Alikuwa muuguzi wa macho. Siku moja alimkuta kinyozi amesinzia kwenye kiti cha wateja, mchana kweupe.

"Kaka, amka. Funika jicho la kulia, niangalie puani," alisema. Kisha akachezesha vidole chini, karibu na kifua. "Unaviona?"

"Vidole gani?" aliuliza kinyozi.

Kesho yake kinyozi na mkewe walikwenda hospitali anakofanya kazi muuguzi huyo. Muuguzi alilipiga picha jicho kwa ndani. Kwenye skrini likatokea duara la rangi ya chungwa, kubwa kama sahani. Mishipa myekundu ilitambaa humo, ikagawanyika, ikawa myembamba kuliko unywele.

"Hiyo nini?" kinyozi alinong'ona.

"Ni wewe huyo. Hii ni retina, ukuta wa nyuma wa jicho. Ndio unaopokea mwanga. Na doa hili ni mwanzo wa mshipa wa fahamu wa jicho. Nyuzi kama milioni moja zinakutana hapa kwenda kwenye ubongo."

"Milioni! Kichwa kizima hakina nywele hizo!"

"Hata robo hakifiki," alisema muuguzi.

Kinyozi alisahau kufumba mdomo. Maisha yake yote alishika nywele za watu, kumbe ndani ya jicho lake kuna kazi nyembamba namna hii. Mungu fundi!

"Lakini hapa pamepauka," muuguzi aliendelea. "Nyuzi nyingi zimekufa. La kushoto limeumia zaidi, la kulia limeanza. Pengo katika kuona kwako huwezi kulitambua, maana ubongo hulijaza. Shemeji, huyu anakoroma?"

Mke alicheka. "Waulize majirani! Lakini ana huruma. Mara kwa mara hunyamaza."

Muuguzi hakucheka. "Akishanyamaza, inakuwaje?"

"Anashtuka kama mtu aliyekabwa, anaanza upya."

"Shemeji, hapo hapumziki. Koo limeziba. Hapumui."

Mke alishika mdomo. "Na mimi nilikuwa nashukuru!"

Muuguzi akaeleza polepole. Usingizini koo hulegea. Kwa watu wengine hujifunga kabisa, na oksijeni hupungua kwenye damu. Retina na mshipa ule huhitaji oksijeni nyingi. Vikikosa kila usiku, vinaweza kuumia, hata kama presha ya jicho ni ya kawaida.

"Si kila anayekoroma ni mgonjwa," alisema. "Lakini anayekatikiwa pumzi, akaamka na kichwa kizito, akasinzia mchana, apimwe."

"Kilichokufa kitarudi?" kinyozi aliuliza.

"Hakirudi, kaka. Tulinde kilichobaki."

Kinyozi alipimwa usingizi, na ugonjwa ukathibitika. Daktari alimpa dawa ya matone ya macho, na mashine ndogo ya kusukuma hewa kupitia barakoa ya puani. Akamwambia apunguze uzito na alale ubavu. Siku za kwanza aliilalamikia barakoa kweli kweli. Baadaye akaizoea. Kichwa kikaacha kuuma, usingizi wa mchana ukaisha.

Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba macho hayakuharibika zaidi. Kazini alijifunza kuzungusha kiti na kuinama, akague hadi chini ya masikio. Wateja wakarudi. Ile pamba ya mkewe sasa iko kwenye meza ya kunyolea, kinyozi huitia spiriti, akafutia mashine zake.

Asubuhi moja mke alipiga miayo mezani.

"Mbona sasa hulali wewe?" kinyozi alimtania. "Jenereta limezimwa."

"Kimya kilinitisha," alijibu mkewe. "Nikakuwekea mkono kifuani."

"Ukakuta nini?"

"Kinapanda, kinashuka. Kinapanda, kinashuka. Baba watoto, nimeishi na wewe miaka yote hii, sijawahi kuona kitu kikubwa kama hicho."