Barua ya Mirjeta Iliyosomwa Ujerumani

— Mirjeta, mbona hukuijibu barua ya kazi?

— Barua gani, mwalimu?

Mwalimu Teuta akavua miwani. Katika chumba kile cha maktaba ya Bulqizë, mji wa migodi, alimofundisha kompyuta binti za wachimba madini bila malipo, hapakuwa na mwanafunzi aliyemshinda Mirjeta.

— Wamenipigia simu. Walikuita kazini mji mkuu, Tirana. Walikupa siku saba. Jana nafasi wamempa mwingine.

Mirjeta akafungua sanduku lake la barua pepe kama alivyofundishwa. Barua ilikuwamo miongoni mwa zilizofutwa, tena imekwisha kusomwa. Akatazama orodha ya simu ziingiazo humo. Zilikuwa mbili: yake, na ya mchumba wake Fatmir, aliyekuwa akijenga nyumba za watu Ujerumani.

Siku ya posa Fatmir alileta pete, peremende, na simu yenye sanduku la barua pepe alilokwisha kuliandikisha kwa namba yake na nywila yake mwenyewe. Wachumba wote wa mtaa ule hufanya hivyo, nako huhesabiwa kuwa ni mapenzi.

Akampigia.

— Fatmir, barua yangu umeifuta wewe?

— Nani kakwambia?

— Simu yako. Jina lake liko hapa mbele yangu.

Nyundo zilisikika upande wa pili, kisha zikafifia; alikuwa amejitenga na wenzake.

— Niliogopa, roho yangu. Ukishazoea mshahara wa Tirana, mimi utanitakia nini?

— Ungeniuliza.

— Ningekukataza, ungekubali?

— Nisingekubali.

— Ndiyo maana sikuuliza.

Alipofika nyumbani akaweka simu na pete mezani mbele ya baba yake, Halil, ambaye vumbi la mgodi lilikuwa limemla mapafu.

— Baba, warudishieni vitu vyao.

Halil akakohoa kwanza.

— Nilitoa neno langu mbele ya wazee wao, tukanywa kahawa ya posa. Angekuwa mlevi, angekupiga, ningejua la kuwaambia. Sasa nikawaambie nini, binti yangu? Kwamba anakupenda mno?

— Waambie ameniibia.

— Kakuibia nini? Kazi ambayo hukuwa nayo bado?

Mama yake aliendelea kukanda unga, hakuinua uso.

— Vaa pete yako, mwanangu. Majirani wana macho.

Likabaki jambo moja: kubadilisha nywila, ili barua nyingine ikija aisome mwenyewe. Akaandika nywila mpya. Simu ikamtaka aingize tarakimu sita zilizotumwa kwenye namba iliyoandikishwa. Akangoja. Tarakimu hazikuja, ulikuja ujumbe.

"Nimeletewa tarakimu sita huku. Unabadilisha nini, roho yangu?"

Akausoma mara mbili, kisha akajibu:

"Nilikosea kubonyeza."

"Haya. Tiketi nimekwisha kukata. Agosti nakuja kukuoa."

Agosti wakaoana. Mtaa mzima ulicheza, na Fatmir, tusimnyime haki yake, alilia kwa furaha mbele za watu. Wageni walirudi makwao wakisema kwamba hawajapata kumwona mume ampendaye mke kiasi kile.