Mwajabu na Ukuta wa Uani

Haya watoto, sogeeni hapa. Anayetaka kusinzia, asubiri kwanza.

Huyu ni Mwajabu. Ana miaka sita, na pengo moja kubwa mdomoni.

Nyumbani kwao kuna mtoto mchanga. Anaitwa Hamadi. Ana kazi mbili tu, kunyonya na kulia. Nyaa! Nyaa!

Mama yuko chumbani na Hamadi. Hatoki nje ya ua wa nyumba mpaka siku arobaini zitimie. Mwajabu analala chumba kingine, na Shangazi Zaina. Shangazi anakoroma kweli kweli!

Kila siku wageni wanakuja. "Hodi! Hongera, Mama Hamadi!"

Mwajabu akashangaa. Mama Hamadi? Tangu lini? Siku zote Mama anaitwa Mama Mwajabu.

"Sasa mama yangu mimi ni nani?" alijiuliza.

Moyo ukaenda du, du, du.

"Moyo wangu, una nini?
Sijui, sijui, sijui."

Alikwenda kumbusu Hamadi kidole cha mguu. Kidole kidogo, laini. Akacheka. Mara akataka kukifinya! Akaogopa, akakimbilia uani.

Asubuhi alivaa gauni nyuma mbele. Uji wake akampa mbuzi. Mbuzi akashiba, Mwajabu akabaki na njaa.

"Moyo wangu, una nini?
Sijui, sijui, sijui."

"We mtoto, umenuna au unaumwa?" aliuliza Shangazi Zaina.

"Sijui, Shangazi."

"Umekasirika?"

"Sijui."

"Basi una furaha?"

"Sijui!" Mwajabu akalia. Kisha akacheka kidogo. Kisha akalia tena. Hata mbuzi akaacha kutafuna, akamtazama.

Shangazi hakuuliza tena. Alikuwa na kazi nyingi. Siku ya arobaini imekaribia, na nyumba lazima isiribwe. Kuta zote zipakwe udongo mpya, nyumba ipendeze.

Shangazi akaukanda udongo kwa miguu. Akaupaka ukutani kwa mikono. Pwata! Pwata! Pwata!

Alipofika uani, akasimama. "Ukuta huu nakupa wewe, Mwajabu. Mdomo umekataa kusema, acha mikono iseme. Ukikosea, futa. Udongo mbichi unafutika."

Akamwekea vifuu vitatu vya nazi. Kimoja kina udongo mweupe. Kimoja kina udongo mwekundu. Cha tatu kina masizi meusi yaliyochanganywa na maji.

Mwajabu akachota rangi nyekundu. Pwata! Pwata! Akapiga kwa nguvu, mpaka ikamrukia puani. Akatazama. Hapana, siyo. Akafuta.

Akachota nyeusi. Akazungusha, akazungusha, kama uzi uliojifunga mafundo. Akatazama. Hapana, siyo. Akafuta.

"Moyo wangu, una nini?
Sijui, sijui, sijui."

Akachota nyeupe. Polepole akamchora Mama, mkubwa, na kanga yake. Mikononi mwa Mama akamchora Hamadi, mdogo kama kiazi.

Na Mwajabu je? Akae wapi? Mikono ya Mama imejaa.

Akajichora mbali. Mbali kabisa, pembeni, na mbuzi.

Akarudi nyuma hatua tatu. Akatazama, akatazama.

"Kumbe niko mbali," alisema.

Machozi yakamtoka, makubwa makubwa. Lakini safari hii alijua analilia nini. "Namtaka Mama! Nimemkumbuka Mama!"

Mlango wa uani ukalia kwii. Mama akatokeza, amempakata Hamadi.

"Mwanangu, huyu mkubwa ni nani?"

"Ni wewe. Wewe Mama Hamadi."

"Na huyu aliye na mbuzi?"

"Ni mimi." Mwajabu akafuta pua kwa mkono wenye udongo. "Nampenda Hamadi. Na nina hasira naye. Vyote viwili, Mama! Nimekosea?"

"Hujakosea," alisema Mama. "Hata mimi ni hivyo hivyo. Akilala nampenda. Akilia usiku kucha, mmh!"

Mwajabu akacheka, na pengo lake lote likaonekana.

Mama akampa Shangazi mtoto. Akachuchumaa. Akamshika Mwajabu mabega.

"Sikiliza. Zamani watu waliniita Salama tu. Hakuna aliyeniita Mama. Siku moja ukazaliwa wewe, na siku hiyo hiyo nikawa Mama Mwajabu."

"Na Hamadi?"

"Hamadi amekuja juzi, amenikuta mama tayari. Wewe ndiye uliyenifanya mama."

Moyo wa Mwajabu ukatulia, tuli.

Akaurudia ukuta. Akamfuta yule msichana wa pembeni. Akamchora tena, karibu kabisa na Mama, ameshika kanga yake.

"Na mbuzi umemwacha peke yake?" aliuliza Shangazi.

"Mbuzi ana uji," alijibu Mwajabu.

Jua likatua, udongo ukaanza kukauka. Mwajabu akaoga, akabeba mto wake. Hakwenda chumba cha Shangazi. Alikwenda kwa Mama.

Hamadi akalala huku. Mwajabu akalala huku. Mama akabanwa katikati, hata kugeuka hawezi.

Nasi tufunge mlango taratibu, watoto. Tusiwaamshe.