Yvette Alivunja Nyumba ya Nani?

"Yvette amepiga tena," Rawle alisema, akilivuta shati jeupe kutoka mikononi mwa mkewe kabla pasi haijapoa. "Lazima niende."

"Leo Jumamosi, Rawle! Shelisheli liko chunguni, tui linachemka. Huyo Yvette hana kwao?"

"Mpenzi, ni kazi."

"Kazi, kazi! Asubuhi Yvette, jioni Yvette, hata ukiweweseka ni Yvette. Mwenzio naionea wivu kazi, unajua?"

Rawle akacheka, akambusu kwenye paji la uso, akashika funguo za gari. Yakabaki marashi mlangoni, na Ianthe ameshika pasi kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Alikuwa na wivu Ianthe, usicheze. Shati la mumewe halikuingia majini kabla hajalinusa. Lakini kwa Yvette aliufumba mdomo, maana ndiyo sheria ya ofisi yao. Yeye na Rawle walikuwa washauri wa biashara, ofisi yao iko juu ya bandari ya St. George's. Hoteli ikikimbiwa na wageni, au ndugu wakigombania kiwanda cha kungumanga, watu walipanda kilima kwenda kuulizia namna ya kuendesha mambo. Na Grenada ilivyo ndogo, ukitema mate yanamwangukia binamu ya mtu. Kwa hiyo jina la mteja halikutajwa kamwe. Kila kazi ilipewa jina la kimbunga cha zamani. Hoteli iliitwa Janet, benki Flora, kiwanda Ivan. Kazi ikiwa ya siri kubwa, aliyeishika hakumwambia hata mwenzake. Ndiyo maana Ianthe hakuuliza. Kanisani alikuwa amemwomba padri aiombee Yvette ifike salama.

Mdogo wake, Verlyn, akaingia bila hodi, akafunua chungu moja kwa moja.

"Shemeji yuko wapi? Au leo tunakula wenyewe?"

"Ameitwa na Yvette."

"Yvette ndiyo nani?"

"Kazi. Usiniulize zaidi, siwezi kusema."

Redioni mtangazaji alikuwa anasoma majina ya vimbunga vya mwaka huo, kama wafanyavyo kila msimu ukifunguliwa. Verlyn akasikiliza huku anapuliza kipande cha shelisheli mkononi.

"Dada, majina hayo huwa yanaanzia A yanaishia herufi W, si ndiyo?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Basi Yvette mmemtoa wapi?"

"Sisi hatutumii ya mwaka huu. Ni ya vimbunga vya zamani."

"Vya zamani vipi? Janet bibi alitusimulia, ilivyong'oa paa akalala chini ya meza. Flora tunaijua. Ivan tuliikimbia kwa miguu yetu, mimi kiatu kimoja. Yvette alivunja nyumba ya nani?"

Ianthe alikuwa amesimama na mwiko hewani, tui linamdondokea mguuni.

"Dada? Nimekuuliza, alivunja nyumba ya nani?"

"Yangu," Ianthe akasema.

"Usianze, nilikuwa natania!"

"Hapana, nyamaza nifikiri. Janet *imekwama*. Ivan *inasuasua*. Flora *imelipa*. Ndivyo Rawle anavyosema, siku zote. Yvette peke yake ndiye *anapiga*, *anasubiri*, *amenuna*. Verlyn, mimi nimempigia mtu pasi! Nimemwombea misa!"

Verlyn akaweka shelisheli chini.

"Mpigie."

"Nikimpigia atanisikia nalia. Lete simu."

Akaandika: *Mume wangu, bodi ya Yvette imenipigia. Wanataka taarifa mchana huu. Niwaambie nini?*

Kama Yvette angekuwa mteja wa kweli, Rawle angeshtuka na kuuliza ni bodi gani, maana hakuna bodi iliyopiga. Jibu likaja kabla Verlyn hajanawa mikono.

*Usijali mpenzi, nimeshaongea nao. Hata sasa niko na bodi nzima huku mbali, Gouyave. Mwenyekiti anakusalimia.*

"Anakusalimia!" Verlyn akapiga kofi paja. "Mwenyekiti ana adabu huyo!"

"Mimi ndiye nimemuumba huyo mwenyekiti sasa hivi, na ananisalimia." Ianthe akacheka, kicheko kikageuka kwikwi, akajifuta kwa aproni. "Mpigie binamu yetu wa teksi."

Binamu hakuhitaji hata kufikiri. "Gari la Rawle Alexis? Nimelipita sasa hivi hapa karibu, Grand Anse, kwenye mkahawa wa ufukweni. Kwani kuna nini?"

"Kuna mkutano wa bodi," Verlyn akamjibu, akakata.

Walimkuta Rawle amekaa chini ya mwavuli, lile shati jeupe mwilini, anamtolea mwanamke mwiba wa samaki. Mwanamke mzuri, Ianthe hakujidanganya. Shingo ndefu, gauni la kijani, kicheko cha mtu anayependwa. Wivu ukampanda mpaka meno yakamuuma.

"Habari za bodi?" akasema.

Rawle akaruka, kiti kikaanguka mchangani.

"Ianthe!"

Yule mwanamke akageuka, uso ukamng'aa. Akanyoosha mkono.

"Ianthe? Kumbe ni mtu! Karibu, bibie. Mimi nilidhani ni kiwanda."

"Kiwanda gani?"

"Si ile kazi yenu ya majina ya vimbunga? Rawle amenieleza. Kila simu ikilia: 'Ianthe inaniita, lazima niende.' Krismasi nzima nimekaa peke yangu kwetu Martinique, eti Ianthe imezidiwa. Mwenzio niliionea wivu kazi hiyo!"

Verlyn akashika mdomo. Ianthe akamtazama mumewe, kisha yule mwanamke.

"Alikwambia Ianthe ni mradi wa namna gani?"

"Alisema..." Yvette akaanza kuelewa. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. "Alisema ni biashara ya zamani isiyo na faida tena. Anaifunga polepole, asiwaumize watu."

"Mimi ni mkewe, dada."

Yvette akamgeukia Rawle. "Ulinivisha pete mbele ya mama yangu."

"Jamani, tusikilizane," Rawle akasema, mikono juu. "Ianthe, mke wangu, nipe nafasi nieleze. Yvette, kaa chini. Kila kitu kina suluhisho."

"Hiyo sauti ni ya kuwaambia wateja," Ianthe akasema. "Mimi naijua, nimekaa pembeni yake nikiandika."

Yvette akaivua pete, akaitumbukiza kwenye glasi ya Rawle, akachukua mkoba. Alipompita Ianthe akasimama.

"Nisamehe. Sikujua."

"Najua hukujua. Hata mimi nilikuwa nakuombea."

Rawle akamfuata mkewe mpaka garini, mchanga umemjaa viatuni.

"Ianthe, ungenipiga basi! Sema chochote. Ofisi je? Jina letu je?"

Ianthe akashika mlango wa gari la mdogo wake. Bado alimpenda, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alitamani kumkung'uta mchanga ule.

"Kimbunga kikiua watu, wanalifanyaje jina lake, Rawle?"

Rawle akainamisha kichwa. Kila mtoto wa kisiwa kile anajua.

"Wanalistaafisha."

"Ndiyo. Halipewi kingine tena."

Jumatatu asubuhi simu ya ofisini ikalia. Alikuwa mwenye hoteli, mzee wa Janet, mwenye sauti ya haraka.

"Bibi Alexis, habari ya asubuhi. Naomba Rawle."

Ianthe akavuta kiti cha mumewe, akakikalia. Macho yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilitoka imenyooka.

"Jina hilo hatulitumii tena, mzee wangu. Nieleze mimi, Janet imefikia wapi?"