Shubiri Isiyo Chungu

Mliipita ile posti yangu. Msijifanye hamkuiona.

Mlicheka, mkaandika "wivu huo dada", mkaendelea kutazama harusi za watu. Nawakumbuka mmoja mmoja, na mimi sisahau.

Basi leo mtasoma mpaka mwisho.

Mtoto wa mdogo wangu amelala hapa mbele yangu, wodi ya watoto. Uso umevimba mpaka macho yamebaki mistari. Mkojo hautoki. Na aliyemlisha sumu ni mama yake mzazi.

Kwa ziwa lake.

Mdogo wangu alitaka kumwachisha kunyonya. Sisi mama yetu alituachisha kwa shubiri. Anakata jani, anapaka ule utomvu wa manjano kwenye chuchu, ukinyonya mara moja tu unakunja uso, hutaki tena.

Mdogo wangu anakaa ghorofani, hana hata ua la kumwagilia. Akamwomba wifi yake jani moja.

Wifi yake ndiye yule mnayemwita Mrembo. Dada wa mumewe, shangazi wa huyu mtoto. Ndiye anayewauzia krimu ya "shubiri tupu, chungu kama nyongo, inaondoa chunusi, makovu na weusi".

Mrembo akamrekodia sauti: "Jani la nini wifi yangu, na kopo unalo? Mle ni shubiri tupu. Paka hiyo hiyo, atakimbia mwenyewe."

Akapaka.

Mtoto akanyonya. Akamaliza, akataka na la pili.

Baada ya siku kadhaa mdogo wangu akanipigia, anacheka. "Dada, huyu mwanao hana ulimi. Nazidisha krimu, na yeye anazidi kunyonya."

Nilikuwa kwenye cherehani. Mguu ukagoma kukanyaga.

"Hebu ionje wewe."

Nikasikia mfuniko ukifunguliwa.

"Dada, haina uchungu. Inanukia marashi tu."

Kesho yake mtoto akaamka kavimba.

Sasa mnaikumbuka ile posti? Niliandika kwamba nilimkuta Mrembo barazani kwake, kwenye vyungu vyake vya mishubiri. Kakata jani, kalisimamisha ndani ya glasi ule umanjano uchuruzike. Kisha akalimenya, akajipaka ute wake usoni. Ngozi laini, siwezi kumnyima.

Nikamuuliza, "Mbona hujipaki ya kwako?"

"Hii ya nyumbani, shoga. Ile ya wateja."

Niliwaandikia neno kwa neno. Mkasema wivu.

Daktari anasema, "Nahisi ni zebaki. Wengine wanaichanganya kwenye krimu za kung'arisha. Lakini nisimtibu mtoto kwa kuhisi. Nileteeni kopo lipimwe."

Kopo lilikuwepo, kwenye mkoba wa nepi. Shemeji yangu, baba wa mtoto, alikuja kuona mgonjwa, akalichomoa, akalitia mfukoni pamoja na funguo.

"Shemeji, daktari analitaka."

"Mambo ya familia hayapelekwi maabara, shemeji."

Akaondoka nalo.

Akafuata Mrembo mwenyewe. Akasimama miguuni pa kitanda.

"Nani kakwambia umlishe mtoto kipodozi? Akili zako ulimwachia nani, wifi?"

Mdogo wangu akamfunika mtoto shuka. Mrembo alipotoka nikamwambia mdogo wangu, fungua ile sauti, daktari aisikie.

Akashika simu, akabonyeza. Nikadhani anaifungua...

Akaifuta.

"Ndoa yangu, dada."

Daktari alipomuuliza nani alimshauri, akasema, "Hakuna. Nilijiamulia mwenyewe." Mtoto amemshika kidole wakati anayasema hayo.

Nikakimbia dukani kwa Mrembo. Rafu tupu, zimefutwa zinang'aa. Ukurasa wake kaufunga. Nimerudi nimekaa kwenye hili benchi, mikono mitupu. Muuguzi kapita sasa hivi, kaangalia kifuko cha mkojo, hakunitazama usoni.

Mshubiri ukiumenya kwa mkono wako unajua unachojipaka. Kopo likiandikwa shubiri, unachokijua ni maandishi tu. Mdogo wangu aliyaamini maandishi, kwa sababu yaliandikwa na ndugu.

Haya. Kopo la mdogo wangu limekwenda. Ya dukani yamekwenda. Yaliyobaki mnayo ninyi mliocheka.

Wewe uliyeandika "mbili zangu, Mrembo", nakusema wewe. Na wewe uliyemnunulia mama mkwe.

Inuka. Nenda bafuni. Kopo la kijani, mfuniko wa dhahabu. Hata kama limebaki la kukwangua, usilioshe, usilitupe.

Usiniandikie pole.

Niandikie ulipo. Nakuja kulifuata sasa hivi.