Pazia la Kumetameta

Kila asubuhi Ratmi alifagia majivu ya volkano mlangoni kabla ya kwenda shule. Siku hizi alifagia tena mchana, na mlima ulinguruma hata watu wakiwa wanakula. Baba yake, Pak Darsono, alikuwa mlinzi wa mlima, mwenye kazi ya kufuatilia dalili za hatari. Alikuwa amepiga picha za slaidi za ufa uliozidi kupanuka juu ya kijiji, na jioni ile angewaonyesha wanakijiji. Wasingeuona, wasingehama.

Pazia la kuonyeshea picha lilikuwa limetafunwa na panya, kwa hiyo Ratmi alitumwa mjini kununua jingine la bei nafuu. Dukani aliyakuta mawili ambayo pesa zake zilitosha: moja jeupe tu kama shuka, jingine likimetameta. Muuzaji alimweleza kuwa la kumetameta huonyesha vizuri kwa aliyekaa mbele yake tu, kisha akamuuliza watu wao hukaaje. Ratmi alikwisha kulipenda. Akajibu upesi kwamba hukaa mbele, kama darasani.

Uongo ule ulimfuata hadi ukumbini. Watu waliketi kwenye mikeka kuzunguka kuta, kama ilivyo kawaida yao. Kukaa katikati ni kumpa mzee mgongo, na nani angethubutu? Projekta ikawashwa. Pak Darsono, aliyesimama katikati, aliuona ufa waziwazi. Pembeni, Mbah Karto, bibi aliyewazidi wote umri, alikunja uso.

"Darsono, mwanangu, huo ufa uko wapi? Mimi naona kiza tu."

"Labda uko machoni mwa Darsono," mtu mmoja alitania, na wengine wakacheka. Baadhi walianza kutafuta viatu vyao. Nje mlima ukanguruma, na Ratmi akashikwa na hofu.

"Baba, ni mimi," alisema. "Muuzaji aliniuliza, nikamdanganya. Nililitaka hili kwa sababu linapendeza."

Baba yake hakumgombeza. Alimtuma nyumbani mbio akalete shuka jeupe la mama yake, wakalitundika na kulinyoosha. Safari hii hata waliokaa pembeni kabisa waliona: ufa mweusi, na chini yake paa la nyumba ya Mbah Karto. Hakuna aliyecheka.

"Haya, tufungeni virago," alisema Mbah Karto.

Alfajiri kijiji kizima kilishuka. Walipokwisha kuvuka mto, ubavu wa mlima uliporomoka nyuma yao kwa kishindo, na mapaa yote yakafunikwa. Ratmi alilia, akasema watu wangekufa kwa sababu yake.

"Wangekufa kama ungenyamaza," baba yake alimwambia. "Ukiulizwa, mwanangu, sema kweli. Na ukishakosea, kiri mapema, watu wapate muda wa kuvuka."